Jina Alilorudi Nalo Aukuso

Luafata akikudharau, huhitaji kuambiwa. Hubetua mdomo, akakutazama kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, taratibu, kisha akageukia kazi yake kana kwamba uliyesimama pale ni kuku tu aliyepita. Wengi kijijini Saleuta, huku kwetu Samoa, wamelipata jicho hilo. Mkwewe aliyekimbilia mjini Apia alilipata. Mwalimu wa kwaya alilipata. Hata mchungaji Eneliko, anayekula chakula cha mchana cha Jumapili katika nyumba tatu halafu akahubiri juu ya kiasi, alikwisha lipata zaidi ya mara moja. Lakini hakuna aliyelipata kutwa kucha, na kwa haki yake kamili, kama mdogo wake wa kiume, Aukuso.

Luafata ndiye aliyemlea. Baba yao alianguka kutoka juu ya mnazi Aukuso akiwa bado ananyonya, na mama yao, Sieni, hakuwa mtu wa afya. Luafata akaacha shule. Akawa akikaanga kakao, akiitwanga ingali moto, akiimimina kwenye vikombe igande, na kuipeleka soko la Salelologa. Kwa kakao hiyo Aukuso alivaa, akasoma, na mwisho akapanda ndege kwenda ng'ambo, Oklandi, alikopata kazi ya kufungasha kuku kiwandani. Miaka ya mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Kisha simu zikawa za kusuasua. Kisha zikakatika kabisa, mpaka siku ile aliposhuka kwenye basi la bandarini, na Luafata akadhani ni mgeni aliyepotea.

Alikuwa na ndevu za kufika kifuani. Pembe nne za shati lake zilishonewa nyuzi za buluu zilizoning'inia kama mkia wa kishada. Mama yao akamkumbatia akilia.

"Aukuso, mwanangu! Aukuso wangu!"

"Mama, usiniite hivyo tena," akasema mwana, na kujitoa taratibu mikononi mwake. "Aukuso ni jina la mfalme wa Kirumi, mpagani. Mimi sasa ni Obadyahu."

Bibi kizee akakunja uso. "Opetaia?"

"Si Opetaia. Obadyahu."

"Opetaia tunaye tayari," akasema mama. "Yule mtoto wa Tuaoi, mwizi wa ndizi. Kwa nini ujiite jina la mwizi wa ndizi?"

Luafata akacheka mpaka akashika mbavu. Hakujua kwamba hicho ndicho kingekuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

Nguruwe alikuwa ameshachinjwa, amezikwa kwenye mawe ya moto tangu alfajiri, pamoja na magimbi na majani yaliyofungiwa tui la nazi. Walipomfunua, ngozi ikang'aa, majirani wakanyamaza kwa heshima. Aukuso akasogeza sahani yake kando kwa kidole kimoja.

"Najisi," akasema.

"Najisi nini?" akauliza Luafata.

"Huyo mnyama."

"Huyo mnyama nimemlisha kwa mkono wangu tangu nilipoambiwa unakuja. Wewe umelishwa kwa mkono huohuo. Sasa niambie ni nani kati yenu aliye najisi."

Majirani wakaangua kicheko. Yeye akala magimbi makavu, uso kama wa mtu anayeteswa kwa ajili ya haki.

Jioni baragumu likapulizwa, kijiji kikatulia, kila nyumba ikaketi kwa sala. Mama Sieni aliomba kama alivyoomba maisha yake yote, macho yamefumbwa, mwili ukiyumba kidogo: "Atua wetu, Iesu wetu mpenzi, asante kwa kumrudisha..." Atua ndilo neno letu la Mungu, na Iesu ndivyo tunavyomwita Yesu. Hajafika mbali, Aukuso akamkata.

"Mama, unamwita nani?"

Mama akafumbua macho.

"Atua ni neno walilotumia babu zetu kwa mizimu yao kabla ya wamisionari," akasema Aukuso, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepanda mimbarini. "Na ndani ya Iesu limefichwa jina la mungu wa Wagiriki. Miaka yote hii sala zenu zinakwenda kwa wengine. Baba ana jina lake mwenyewe, la Kiebrania. Yahuah! Na Mwana ni Yahushua! Na msiseme amina, hilo nalo ni la mungu wa Misri."

Alilitamka jina lile kwa kulivuta kutoka kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ulimi wa Kisamoa haukuizoea ile h, wala yeye hakuwa nayo alipoondoka. Alikuwa ameinunua Oklandi, pamoja na ndevu.

"Ulisomea wapi hayo?" akauliza Luafata.

"Kuna mwalimu. Ana mafundisho kwenye simu."

"Ulimwona?"

"Nimeyatazama yote."

"Sikuuliza umetazama nini. Nimeuliza ulimwona huyo mtu, ukala naye, ukaona anavyomtendea mama yake?"

Aukuso akaigeuzageuza simu mkononi. Mama Sieni akanyoosha mkono akampapasa goti. "Niliyemwita siku ulipokwama tumboni mwangu alikuwa huyohuyo Iesu," akasema. "Na ukatoka." Kisha akafumba macho, akaendelea pale alipoachia, na mwisho akasema amina kubwa, ambayo nyumba nzima iliiitikia isipokuwa mmoja.

Kwetu kaka humwekea dada yake heshima kuliko mtu yeyote. Humtafutia chakula na hamjibu kwa ukali. Aukuso hakumtafutia dada yake hata samaki mmoja. Asubuhi mpaka jioni alikaa kwenye mkeka, simu mkononi, akinung'unika silabi. Luafata akapika, akafua, akatwanga kakao yake, na kila alipopita alimtupia lile jicho. Aukuso aliliita mateso. Alipenda sana neno hilo.

Watu wachache wakamfuata, maana hakuna ujinga usiopata wafuasi ukitangazwa kwa sauti kubwa. Fiamalo seremala alikuwa amegombana na shemasi juu ya paa la kanisa, akaona hapa pa kulipiza. Mkewe Telesia akamfuata mumewe. Manino, mjane, alipenda kuimba na kanisani walimwambia sauti yake imechoka. Na vijana kadhaa waliovutiwa na zile nyuzi za buluu. Wakakutana Jumamosi katika banda la useremala, kati ya mbao na maranda, wakafundishana kutamka. Wakabatizwa upya mtoni, kwa jina sahihi, kwani ule ubatizo wa utotoni, walisema, ulikuwa wa jina bandia.

Wangeachwa hivyo hivyo. Saleuta ina mambo ya maana zaidi. Lakini ikaja Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, ambapo kila mtoto huvaa nyeupe na kusimama mbele ya kanisa kutoa aya yake. Mjukuu wa Luafata, Sulu, alikuwa amefundishwa aya yake wiki nzima, akiisema akioga na akila. Akasimama. Akaanza: "Iesu alisema, waacheni watoto wadogo..." Na dirishani, kutoka nje, ikasikika sauti:

"Mtoto, unaita sanamu! Yahushua! Sema Yahushua!"

Sulu akaganda. Akatazama dirisha, akamtazama mchungaji, mkojo ukamtiririka kwenye soksi mpya. Akaanza kulia.

Luafata aliinuka kwenye benchi lake. Kanisa zima lilimwona akipita katikati, kofia yake nyeupe imenyooka kichwani, kipepeo chake cha minyaa cha kujipepea mkononi. Akatoka nje. Walichosikia waliobaki ndani ni kile kipepeo kikitua kichwani mwa mtu, na kutua tena, na sauti ya Luafata:

"Umtishe mtoto? Wewe? Jina gani hilo linalohitaji mtoto ajikojolee ndipo litukuzwe?"

"Dada, mimi naitetea kweli!"

"Tetea ndevu zako kwanza, kabla sijazing'oa!"

Baraza la wakuu wa koo likakaa, likaitoza familia jike la nguruwe lililonona na katoni ya samaki wa makopo, kwa kuvuruga ibada. Aukuso hakuwa na nguruwe, wala hakuwa na kopo. Luafata ndiye aliyelifunga kamba jike lake na kulikokota mpaka nyumba ya baraza, kijiji kikitazama. Aukuso alitembea nyuma yake mikono mitupu.

"Huyu si najisi leo?" Luafata akamuuliza bila kugeuka. "Kumbe kula ndiko kunakutia unajisi. Kukombolewa naye ni sawa tu."

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, mama Sieni akalala na hakuinuka. Daktari wa hospitali ya Tuasivi akasema moyo umechoka, mrudisheni nyumbani. Wakamlaza upande wa nyumba unaopata upepo. Siku nzima watu walikuja, wakaimba, wakaondoka. Alasiri moja, mvua imekatika na jua limetoka kwa ghafla, akafumbua macho akaomba mwanawe aletwe.

Aukuso akaja, akapiga magoti.

"Niombee," akasema mama. "Ile sala niliyokufundisha. Ya kulala."

Ni sala fupi ambayo kila mtoto wa nyumba ile aliijua kabla ya kujua kufunga vifungo. Huanza na Iesu na huishia na Iesu. Luafata, aliyekuwa akimpepea mama, alimtazama mdogo wake. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alimtazama bila dharau. Alimtazama kwa kumsihi.

Aukuso akafumba macho. "Yahuah, Baba," akaanza, "kwa jina la Yahushua..."

"Nani huyo?" akauliza mama.

"Ni yeye, mama. Ni jina lake la kweli."

"Simjui huyo." Macho ya bibi kizee yakahangaika. "Mwambie aje Iesu. Aukuso, mwite Iesu."

"Mama, siwezi. Nitakuwa nakupoteza."

"Mwite tu, baba," akasema mama Sieni kwa sauti ya kubembeleza, kama anayemlisha mtoto aliyekataa uji. "Mwite tu."

Akainamisha kichwa. Hakuita. Midomo yake ikawa inacheza, labda akiomba kimyakimya kwa lugha yake mpya, lakini mama hakusikia kitu. Alingoja. Alingoja huku amemkodolea macho, mpaka Luafata akatupa kipepeo chini, akamsukuma mdogo wake kwa bega, akaisema ile sala mwenyewe, neno kwa neno, kutoka mwanzo. Mama akaisikiliza. Lakini macho yake hayakumwacha Aukuso, na yalikuwa bado yako kwake yalipokoma kuona.

Kwenye mazishi, wakati wa nyimbo, Aukuso alisimama nje chini ya ukingo wa paa, mvua ikimdondokea begani. Hakuna aliyemwita aingie.

Baada ya hapo Luafata hakumdharau kwa maneno tena. Alimwekea chakula, akaondoka. Watu wakasema amepoa. Hawakujua. Kilichokuwa kinamla ni kitu asichoweza kumwambia mtu: kila alipofumba macho kuomba, akifika kwenye neno Iesu, alilisikia. Zamani neno lile lilikuwa kama mlango ambao mtu hupita bila kuutazama. Sasa alisikia herufi zake. Alisikia swali la yule mjinga: unamwita nani? Na ulimi ukasita. Juma moja, la pili, la tatu, Luafata aliyeongoza sala za akina mama miaka nenda rudi alikuwa akifumba macho na kubaki kimya, hasira zimemjaa. Kumpoteza mama ni kazi ya Mungu. Lakini kutiwa shaka mdomoni na mtu kama Aukuso, mtu asiyeweza hata kupasua kuni! Hilo aliliona ni tusi.

Mwisho akaenda kwa mchungaji Eneliko. Alimkuta kibarazani, ameshiba, amejilegeza kwenye kiti, na alijilaumu hapohapo kwa kuja.

"Mchungaji, yale ya ndugu yangu. Yana kweli yoyote?"

Eneliko hakucheka, na hilo likamshangaza. "Yana kipande," akasema. "Mungu aliwapa Waebrania jina lake, na wazee wetu waliotafsiri Biblia hawakulificha. Fungua Zaburi, jina Ieova limejaa tele. Anayependa kulitamka kwa Kiebrania alitamke, simzuii, na wako Wakristo wema wanaofanya hivyo. Lakini mitume walimwandika Mwana kwa Kigiriki, Mama Luafata, na hakuna aliyekatwa ulimi. Hata jina la Baba, namna lilivyotamkwa zamani hizo hakuna anayeijua kwa hakika. Wanaojua kabisa kabisa ni wale wa kwenye simu tu."

"Mama yangu alikufa akingoja."

Mchungaji akajikuna tumbo. "Unakumbuka msalabani? Aliita, 'Eloi, Eloi.' Alimwita Baba yake kwa lugha yake mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe. Na waliosimama pale, jirani kabisa, wakasikia vibaya. Wakasema, anamwita Eliya. Je, alikatiza kufa kwake ili awasahihishe?"

"Hapana."

"Hapana. Aliyeitwa alikuwa amekwisha sikia."

Luafata akainuka, akakung'uta shuka yake. "Kumbe una akili, mchungaji," akasema. "Unazificha wapi Jumapili?"

Eneliko akacheka mpaka kiti kikalia. Jioni hiyo Luafata akaomba. Alisita kwenye neno lile, kisha akalisema kwa ukaidi, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Na lile kundi la bandani? Lilikwenda yanakokwenda yote ya namna hiyo. Fiamalo naye akajipatia simu, akajipatia na mwalimu wake, ambaye alifundisha kwamba si Yahuah bali ni Yahuwah, na kwamba wanaosema bila ile sauti ya kati wanamtukana Aliye Juu. Wakabishana Jumamosi nzima. Wapita njia walisimama kusikiliza watu wazima wakifokeana kwa herufi moja. Fiamalo akamwita Aukuso nabii wa uongo, akamtoa nje ya banda, na kwa kuwa banda lilikuwa lake, hoja ikaishia hapo. Telesia, Manino na vijana wakashushwa tena mtoni kubatizwa kwa herufi iliyoongezeka. Mara ya tatu, mwalimu wa Fiamalo alipobadili mawazo, Manino akagoma. Akasema ana kifua, na maji ya mto ni baridi, na Mungu kama hajamtambua mpaka leo basi. Akarudi kanisani, akaketi nyuma, akaimba kwa sauti yake iliyochoka, na hakuna aliyemkemea.

Aukuso akabaki na nyuzi zake. Aliombea peke yake nyuma ya nyumba, mgongo ameigeuzia. Kisha mawakala wakaja kutafuta watu wa kuchuma matunda Australia, akajiandikisha. Kwenye karatasi aliandika jina lake ni Aukuso. Pasipoti haikumjua Obadyahu.

Asubuhi ya kuondoka alikuja na begi lake akasimama mbele ya dada yake. Desturi ni kwamba msafiri wa mbali haondoki bila kuombewa na wa nyumbani. Ndevu alikuwa amezipunguza. Luafata alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya magimbi, na hakuinuka.

"Dada. Niombee safari."

"Kwa jina lipi?"

Akatazama chini. Dereva wa basi alikuwa akipiga honi barabarani.

"Lolote," akasema Aukuso. "Jina lolote tu, dada."

Luafata akaweka kisu chini. "Lolote," akarudia. "Kumbe lilikuwa lolote."

"Dada..."

"Mama alikuomba neno moja. Wewe ukaona heri afe akikutazama. Leo unataka kupanda ndege, umeogopa, ndiyo limekuwa lolote." Alimtazama kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, na hakuharakisha. "Laiti ungekuwa na imani, Aukuso. Ningekuchukia, lakini ningekuheshimu. Hata ile imani ya kijinga hukuwa nayo."

Aukuso alisimama pale, mkono kwenye mkanda wa begi, na machozi yakamtoka, ya kitoto, yasiyo na sauti. Luafata aliyaona na hayakumlainisha. Lakini alifumba macho. Aliomba kwa ufupi na kwa ukavu, kama mtu anayelipa deni la mwingine: Atua amlinde huyu baharini na angani, ampe kazi na asimpe simu, kwa jina la Iesu. Amina.

Kama Aukuso aliitikia au hakuitikia, Luafata hakusikiliza. Alipofumbua macho, mdogo wake alikuwa amekwisha fika barabarani, na kondakta anamnyooshea mkono apandishe begi. Luafata akaokota gimbi lililobingirika kando ya mkeka, akalifuta mchanga, akaendelea kumenya.